Mita Yangu Mpya na Mwenzangu wa Barabara ya Kamsamba

Kama unataka hadithi ya kutunga, tafuta mtu mwingine. Hili lilinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya komoni.

Mita ya spidi ya pikipiki yangu ilikufa zamani. Nilikuwa napima kwa macho: yakianza kutoa machozi, basi ni sitini. Siku moja nikavuka mpaka, Mzambia mmoja akaniuzia mita ya kidijiti, ya kufunga mwenyewe. "Original, mulamu!" akaapa, akiniita shemeji. Nikaifunga. Pikipiki imesimama, gurudumu halizunguki, mita inasema kumi na mbili. Wenzangu wa kijiweni Tunduma walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Labda inapima dunia inavyozunguka!"

Sisi wa bodaboda mita mpya tunaipima kwa kwenda wawili, pikipiki mbili bega kwa bega, kila mtu akipaza namba anayoiona kwake. Zikitofautiana, mpya ndiyo inadanganya. Lakini nani angekwenda na mimi? Tangu nimzike mke wangu, watu hunisalimia kwa upole, kisha wanakumbuka wana haraka. Watoto wako kwa bibi yao, kijijini Ikinga. Niamini, hata wa kumwambia nimenunua mita sikuwa naye.

Siku hiyo nilimpeleka abiria Kamsamba. Wakati wa kurudi, kwenye barabara nyoofu ya vumbi kati ya mashamba ya mpunga, nikasikia pikipiki ubavuni. Jamaa wa makamo, amevaa koti la mvua kwenye joto lile.

"Unapima mita, kaka? Twende!"

Nani alimwambia? Wala sikujiuliza. Nilifurahi tu.

"Arobaini!" akapaza. Yangu ilisema hamsini na tano.

"Hiyo inakudanganya! Ongeza!"

Nikaongeza. Tukapigiana kelele za namba, naye akinitania mita yangu, nami nikacheka, jamani, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mita ikafika tisini, yeye bado anasema arobaini na tano. Nikamwamini yeye. Wewe ungeamini nini? Kidude kilichopima kumi na mbili kimesimama, au mtu aliyekubali kwenda nawe? Machozi yalinitiririka, nikadhani ni ya kicheko.

Nikageuka kumtazama. Vumbi langu lilikuwa limefunika barabara. Nyuma yake hapakuwa na vumbi hata kidogo.

Nikakamata breki. Pikipiki ikaserereka, tukalala chini wote wawili, mimi nayo, hatua tatu kutoka kwenye daraja lililochukuliwa na mafuriko. Asubuhi nilikuwa nimepita mchepuko wa pembeni, mazungumzo yalinisahaulisha. Yeye alinyoosha moja kwa moja, juu ya hewa tupu, akipaza: "Arobaini na tano! Ongeza!"

Mama mmoja aliyekuwa akianika mpunga alikuja mbio, akaniinua.

"Pole, baba. Mbona ulikuwa unapiga kelele za namba peke yako?" Akanitazama goti, akashusha sauti. "Wewe ni wa tatu kuanguka hapa. Wote huja bila mtu."

Goti linaniuma mpaka leo. Wenzangu waliponiona na bandeji walikuja kuipima mita: pikipiki ikitembea, inasema kweli tupu.

Ukitaka kupima spidi, nenda na mtu ambaye unapajua kwao. Mimi mwenyewe sijiamini tena. Kuna jioni nakaa nyumbani kimya kinanielemea, namkumbuka yule jamaa, na natamani anitanie tena. Kwa hiyo ukinikuta natoka Kamsamba peke yangu, tafadhali, nisimamishe. Panda bure.