Skrubu Kutoka Mguuni Mwangu

Kila msimu wa kulima ulipoisha, baba alizipaka plau zake oili chafu kabla ya kuziingiza stoo. Alitumia kitambaa, polepole, pembe kwa pembe, maana plau ikiachwa uani mvua ikainyeshea, kutu haichelewi. Na tangu nilipowekewa chuma mguuni, siku ya plau akinikuta nyumbani alinikalisha kwenye kigoda, akachota samli kwenye kibuyu na kunipaka kwenye kovu la muundi.

"Nacho kinywe mafuta, mayu," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo.

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata wateja wa duka langu la mbegu pale Bariadi wanajua. Lakini siku ya samli nilitulia tuli. Nilijua kabisa samli haifiki kwenye chuma, na sikumwambia.

Mguu wenyewe ulivunjwa na mkokoteni wa ng'ombe. Tulikuwa tunapeleka pamba ghala la ushirika, gurudumu likaingia mtaroni, mzigo wote ukanilalia. Daktari aliunga mfupa kwa bamba na skrubu sita. Nilipopata nguvu za kuuliza, nilimuuliza kitu kimoja tu: vitaanza kuoza lini?

"Hivi si vyuma vya jembe," alinijibu. "Hii ni titaniamu. Ikiguswa na hewa tu inajivika utando mwembamba, huwezi kuuona kwa macho. Huo utando ndio unaozuia maji na chumvi za mwili zisiile. Ukikwaruzika, unajirudisha wenyewe. Na mfupa hauikatai, unakua mpaka unaishika."

Kisha akaniambia na mabaya yake. Skrubu inaweza kulegea. Vijidudu vinaweza kuingia. Mfupa ukigoma kuunga, bamba linaweza kuchoka na kukatika. Nilimpenda kwa kutonificha.

Na kweli, mwaka wa tatu skrubu moja ililegea. Ikawa inaisukuma ngozi kila nilipopiga magoti kupanga mifuko dukani. Daktari akaitoa, akanipa ndani ya kifuko kidogo cha plastiki. Nilifurahi kama mtoto aliyeng'oka jino. Nikapanda gari mpaka kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mwanhuzi, nimwonyeshe baba jinsi ilivyo safi baada ya muda wote ule ndani ya nyama na damu.

Aliigeuzageuza mkononi. "Kama kinakaa vizuri, mbona wamekitoa?"

Nilimweleza habari ya kulegea. Akaifumbata na kuondoka nayo. Kesho yake nilipoidai, akasema, "Achana nacho." Nikajua ameitupa. Nilimnunia msimu mzima. Alipopiga simu nilijibu ndiyo na hapana, nikakata. Leo naona aibu kuyaandika haya.

Miaka minne ikapita. Mwaka huu, wakati wa mvua, mtamba mmoja alimvuta kamba baba akaanguka zizini kwa ubavu. Mdogo wangu wa kiume alimleta Bariadi akiwa amelazwa kwenye godoro, mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika karibu na nyonga.

Daktari wangu yuleyule alisema tusicheleweshe. Apasuliwe, awekwe msumari wa titaniamu ndani ya mfupa, asimame mapema. Asipopasuliwa atalala wiki nyingi, na mzee akilala hivyo anapata vidonda na mapafu yanajaa. Kutembea tena tusitegemee.

"Nirudisheni nyumbani nikafungwe miti," baba akasema. Mganga wa mifupa wa kijijini alishamfunga mkono zamani, ukapona. Lakini nyonga utaifungaje miti? Alikataa siku ya kwanza, akakataa na ya pili. "Chuma hakikai ndani ya mtu. Hata chako kilitolewa."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Usingeitupa ile skrubu, baba, ningekuonyesha sasa hivi!"

Wodi nzima ikageuka. Mdogo wangu akaangalia chini. Baba hakukasirika.

"Nani alikwambia nilikitupa?"



"Kimetoka mwilini mwako. Kinatupwaje? Kitovu chako bibi yako alikizika kwenye nguzo ya zizi, ile ya kulia unapoingia. Nami nikakiweka hapohapo, ndani ya kopo langu la ugoro."

Nilikaa kwenye kona ya kitanda. Miaka minne nimebeba kinyongo, kumbe mwenzangu alinizika pale anapopita asubuhi na jioni.

"Nenda kakichimbue," akasema. "Ukikuta kutu, mnirudishe nyumbani. Ukikikuta kizima, nitasikia maneno ya daktari."

Niliondoka siku hiyohiyo, na njia nzima roho haikutulia. Zizi si mwili wa mtu. Mkojo wa ng'ombe, samadi, tope la masika. Nimeona majembe yaliyosahaulika mle yakitoka yamebaki vipande. Daktari aliniambia habari za damu na chumvi, hakuniambia habari za zizi. Nikapanga hata uongo: nikiikuta imeoza, niombe skrubu nyingine hospitali, niipake tope.

Nilichimba kwa jembe la mkono, kisha nikapiga magoti nikachimba kwa vidole. Kwanza likaja kopo, au kilichobaki. Nililigusa likavunjika, magamba ya rangi ya kahawia yakanibaki mkononi. Nikakaa chini palepale kwenye samadi. Nilidhani yameisha. Kisha nikapekua magamba yale nikaona kitu kinakwaruza kidole. Niliifuta skrubu upande mmoja kwa ncha ya kanga. Rangi yake ya kijivu ilikuwa ileile, na mizunguko yake bado ilikuwa mikali. Nililia kwa sauti, ng'ombe wakanitazama.

Sikuiosha. Niliifunga pamoja na tope lake na magamba ya kopo, kesho yake nikamwekea baba kifuani.

Aliyasaga magamba kwa vidole yakawa unga. Akaichukua skrubu, akaifuta kwenye shuka, akaikwaruza kwa ukucha, akaing'ata. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na faili, akangoja.

"Na kopo lilikuwa jipya," baba akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono. "Leteni hiyo karatasi ya kupasuliwa nitie dole gumba."

Kabla hajatia dole, daktari alimwambia yaleyale aliyoniambia mimi, ya kulegea na vijidudu na kuchoka. Baba akamsikiliza mpaka mwisho. "Hata plau hulegea nati," akasema. "Mtu anakaza. Wabeja, daktari," akamshukuru kwa Kisukuma.

Ilichukua miezi. Alisimama na fremu, baadaye na fimbo mbili, baadaye moja. Siku ya kupaka plau mwaka huu nilimkuta ameshamaliza, samli iko tayari, na safari hii miguu ilikuwa miwili. Nilimpaka yeye kovu la paja, akanipaka mimi la muundi. Hakuna aliyesema lolote juu ya chuma kunywa mafuta.

Kisha akachukua fimbo na ile skrubu, tukaenda mpaka kwenye nguzo ya kulia ya zizi. Akanionyesha mahali kwa ncha ya fimbo, nikachimba. Nilikuwa nimenunua kopo zuri la plastiki, lenye kifuniko cha kukaza. Nikamwonyesha.

"La nini?" akasema. "Kizike hivyohivyo."