Jina Ambalo Mama Aliliacha Unyagoni

Saa nne na dakika kumi asubuhi mama yangu alifika mbele ya meza yangu, katika darasa la shule ya msingi huko Marambo, nami nikashindwa kusoma jina lake.

Ulikuwa uchaguzi wa kijiji, mwishoni mwa miaka ya tisini, msimu wa korosho. Mimi nilikuwa karani wa kituo. Nilitakiwa kusoma jina la mpiga kura kwa sauti, mawakala wasikie, mwenyewe aitikie, ndipo apewe karatasi. Siku ya kuandikisha, mama alikuwa shambani. Waandikishaji walimkuta nyumbani dada yake mkubwa, ambaye uzee ulikuwa umeanza kumrudisha utotoni, naye akataja jina alilokuwa akimwita mdogo wake walipokuwa wasichana huko Mbwemkuru. Kwetu Wamwera jina hilo huachwa unyagoni. Kumwita nalo mtu mzima ni tusi la kutozwa faini, na mwanawe ndiye hapaswi kabisa kulitamka. Nililijua. Siku zote nilijifanya silijui.

"Mama mkubwa ametaja lile la zamani," nilimnong'oneza.

"Basi nirudi nikaokote korosho?" aliuliza.

Alikuwa amevaa kitenge kipya. Pampu ya kisima chetu ilikufa zamani, na alitaka kumchagua mwenyekiti aliyemwamini kuwa ataifufua.

Msimamizi alikuwa afisa wa halmashauri, ametumwa na mkurugenzi kutoka Nachingwea mjini, mgeni wa mila zetu. Alinisikiliza, akafungua mwongozo wake, akarudia ukurasa uleule.

"Jina lazima lisomwe," alisema. "Ila hapa hapasemi msomaji awe nani. Mama, humu hakuna anayeweza kukuita hivyo usikasirike?"

Mama aliwatazama mawakala, akamnyooshea kidole mzee mmoja wa Kiyao. Alikuwa mtani wake; hata msibani hutukanana na hakuna anayenuna.

"Huyo nguruwe pori. Adabu hana tangu zamani."

Mzee akainuka, akasafisha koo kama anayehutubia mkutano, akalisoma jina. Kisha akalirudia, bila kuombwa.

"Nipo," mama aliitika. "Na faini yangu utalipa."

"Chukua sasa hivi, mtani." Mkono ulishaingia mfukoni.

"Hapana, mzee," afisa alisema. "Wakala ukimpa mpiga kura pesa humu ndani, nitakukamata. Subiri tufunge kituo."

Mama akachukua karatasi yake, akaingia nyuma ya pazia, akakaa sana huko. Alipotoka alipita kwangu akanigusa bega. Hakuwa amefanya hivyo tangu nitoke jandoni.

Jioni, matokeo yalipokwisha kubandikwa mlangoni, mzee alikuja hadi barazani kwetu akiwa na faini yake, analalamika kuwa Wamwera ni ghali. Dada yake mama alikuwa ameketi mkekani, hajui lolote. Mama alipokea sarafu, akamfumbatisha dada yake kiganjani.

"Za sukari yako, dada," alimwambia.

Zilikuwa shilingi mia tano.