Mwiba wa Plasta

Katika karakana ya makumbusho walimwita Sindano, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwatoa wanyama wa kale maweni kwa ncha ya sindano, punje baada ya punje, jicho likiwa kwenye hadubini. Asubuhi hiyo alifunua kitambaa mezani pake, damu ikamchemka. Trilobiti wake alikuwa na miiba miwili.

Jana alikuwa na mmoja. Mnyama huyo, mfano wa chawa mkubwa aliyevaa deraya, alitambaa chini ya bahari kabla nchi kavu haijaota jani, na kizazi chake chote kimetoweka. Mwiba wa shavu lake la kushoto ulikuwa umekatika, na Sindano aliona ukingo wake umeviringana: aling'atwa akiwa hai, akapona, akaendelea na maisha. Alilifunika kovu hilo hadi apate kulipiga picha. Hakumwambia mtu, hakuwa wa maneno mengi.

Sasa juu ya kovu palichomoza mwiba wa plasta, umepakwa rangi vizuri mno. Mkono ule ulikuwa wa mtu mmoja tu: shangazi yake wa meza ya pili, aliyemfundisha kazi na kumwombea nafasi.

Alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama aliupiga msasa ukingo kabla ya kubandika. Shangazi akacheka: plasta haishiki jiwe laini, au siku hizi chuoni hawafundishwi? Kisha akasogeza kiti.

"Usinitolee macho, mwanangu. Niliona umeuvunja, ukauficha. Nikasema nikusitiri kabla mkubwa hajaja."

Hasira ya pili ikapanda juu ya ile ya kwanza. Miaka yote hiyo ubavuni mwake, na bado alimdhania hivyo.

"Sikuuvunja. Ulivunjikia baharini, ukapona. Ulichokipiga msasa ni kovu lake."

Shangazi aliinamia hadubini, akautazama ukingo pale plasta ilipoishia. Alipoinua uso, utani ulikuwa umemtoka. Akaanza kusema kwamba laiti angeambiwa.

"Ungeniuliza." Tangu utotoni Sindano hakuwahi kumkatiza. Akamwekea mbele kichupa cha dawa ya kuyeyusha gundi. "Ubandue, shangazi. Mimi nakwenda kumweleza mkubwa palikuwa na nini, na nani amekiondoa."

Shangazi alinong'ona kwamba damu ni nzito kuliko maji. Sindano akajibu, akiwa ameshashika kitasa, kwamba ndiyo maana amemwambia yeye kwanza.