Utabiri wa Chumba cha Mzazi

Mama yangu alipokuja Tunduma kunilea uzazi, alileta vitu viwili kutoka kijijini kwetu Hasamba: kuku wa mchuzi wangu na begi la nguo za sufu. Kuku aliisha mapema. Begi halikuisha. Kila nilipodhani tumefika chini, Mama alitoa sweta jingine, au kofia yenye kishungi, au soksi ndefu kama za mchezaji mpira, zote kazifuma mwenyewe tangu aliposikia nina mimba. Mtoto wetu akishavishwa vyote hivyo alibaki pua tu, na pua yenyewe ilikuwa inatoka jasho.

Maana mwaka ule joto lilituwahi. Tunduma ni mji wa baridi na vumbi, na watu wake wamejiandaa kwa hayo mawili tu. Mwezi wa tisa haujaisha, jua likatukalia utosini, upepo ukakoma, vumbi la malori likaning'inia hewani bila kwenda Zambia wala kurudi kwetu. Wauza mitumba waliofungua marobota ya makoti walikaa wakiyatazama makoti yao kwa uchungu. Hata hivyo sikuona mtu amevua sweta. Kwetu sweta halivuliwi kwa sababu ya jua. Huvuliwa siku ya kufuliwa, basi.

Mtu mmoja tu alifurahi, na huyo ni mume wangu. Yeye ni wa Tanga. Tangu ahamie mpakani kwa kazi ya makaratasi ya malori hajaacha kuilalamikia baridi, na hajawahi kukosa taarifa ya hali ya hewa baada ya habari. Anaisikiliza kama wenzake wanavyosikiliza matokeo ya mpira. Tatizo ni kwamba anasikiliza ya kwao. Ukanda wa pwani ukitajiwa joto kali na unyevu mwingi, papo hapo anampigia mama yake Tanga kumhimiza anywe maji na asitoke mchana. Mtangazaji akifika nyanda za juu kusini magharibi, yaani kwetu, mume wangu keshaenda kunawa mikono ale. Hata simu yake mpaka leo inaamini anaishi Tanga.

Sasa, kwetu Wanyiha mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasemezani hivi hivi. Hata kitu hawapeani mkono kwa mkono: mmoja anakiweka chini na kuondoka, ndipo mwenzake anakuja kukichukua. Kwao Tanga mama mkwe unamwamkia na kukaa naye barazani mkapiga soga, kwa hiyo mume wangu alijifunza mambo haya ukubwani, kama mtu anayejifunza kuogelea. Nyumba yetu ndogo haikumsaidia. Kati ya chumba nilicholazwa mimi na sebule kulikuwa na pazia tu, na ukitaka kwenda chooni lazima upite mbele ya pazia hilo. Kila alipotaka kupita alikohoa ili Mama ajifiche. Alikohoa sana, mpaka jirani akatuletea tangawizi.

Ndani ya pazia, Mama alikuwa ametengeneza nchi yake. Dirisha alilifunga na kuziba upenyo wake kwa matambara. Jiko la mkaa lilikaa pembeni likichemsha maji ya kunikandia. Nepi zilianikwa kwenye kamba juu ya kitanda, kwa kuwa nje kuna vumbi la malori na macho ya watu. Mvuke ulipanda, nepi zikadondosha matone, kuta zikatoa jasho. Nilimwambia Mama tunachemka humu. Akanijibu kwa Kinyiha kwamba mzazi kazi yake ni kunywa uji, mambo ya upepo ayaache kwa wenye akili zilizotulia. Mimi si mpole kwa asili, lakini mtu akishika birika la maji ya moto na wewe umelala chali, unajifunza upole.

Mume wangu aliogopa kwa ajili ya mtoto. Aliniambia mimi nimwambie Mama afungue dirisha. Nikamwambia. Mama akaniambia nimwambie mume wangu kwamba mtoto mchanga hufa kwa upepo, si kwa joto. Nikamwambia. Siku ya pili nikachoka kuwa posta, nikawaambia wote wawili watafute njia nyingine.

Mama alikuwa wa kwanza kuipata. Alianza kumtuma mtoto. Mimi alinisemesha Kinyiha siku zote, ila mtoto akamsemesha Kiswahili, tena kwa sauti ya kufika sebuleni.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako joto la nje halimhusu mtu wa ndani."

Mume wangu alikuwa sebuleni. Najua alikuwa anawaza anaruhusiwa kujibu au la. Jioni ile taarifa ya hali ya hewa ikaisha, akaizima runinga, na sauti ikaendelea. Ilikuwa yake, lakini kaibana puani kabisa kama mtangazaji.

"Na sasa tuangalie hali ya hewa katika chumba cha mzazi. Chumba cha mzazi kinatarajiwa kuwa na joto kali na unyevu mwingi, hasa maeneo ya kitandani. Matone ya nepi yatanyesha hapa na pale. Upepo hakuna. Wakazi wa chumba hicho wanashauriwa kuchukua tahadhari, na kumpunguzia mtoto sweta moja."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na tumbo lenyewe halikuwa la kushikwa wakati ule. Ujanja wake niliupenda. Utabiri hausemi na mtu yeyote, unatangazwa tu, na mwenye masikio ndiye anayejua kama umemhusu. Mama akamgeukia mtoto.

"Mwambie mtangazaji redio yake imeshika Tanga. Hapa ni Tunduma."

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alikohoa, akatoa utabiri. Jioni akatoa mwingine. Alipoona hasikilizwi alianza kutoa tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na siku moja akatangaza kwamba samaki wameonekana chini ya kitanda. Mama naye hakukubali kushindwa, lakini niligundua anausubiri utabiri. Ukichelewa, alikuwa akisogea karibu na pazia na kujifanya anakunja nguo. Mara moja alifungua hata dirisha, kwa muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, kisha akalifunga na kusema inatosha.

Kisha siku moja joto likazidi. Foleni ya malori ilikuwa haisogei, kwa hiyo mchana mume wangu alikuwa nyumbani, ameketi sebuleni na fulana. Mimi nilimweka mtoto titini, akakataa. Nikamweka tena. Hakukataa kwa kulia. Aligeuza kichwa polepole, akalegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa, na uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu. Nilimwita, hakufumbua macho.

Mama alimchukua na kumpapasa kipaji. "Ana homa," akasema. "Baridi imemwingia." Akanyoosha mkono kwenye begi kuchukua blanketi.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka tu kwamba niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua, na kwamba safari hii sebuleni hakuna aliyekohoa. Pazia lilifunguka, mume wangu akaingia.

Mama aligeukia ukutani na kujifunika khanga kichwani, mtoto yuko mapajani mwake. Mume wangu alisimama hatua moja ndani, mikono ameinyoosha. Hakujua afike wapi.

"Mama, nipe mtoto," akasema. Si kwa puani. Kwa sauti yake.

Desturi ilimtaka Mama amweke mtoto kitandani, asogee, ndipo mkwewe amchukue. Hakumweka. Alimkumbatia kwa nguvu zaidi, akashika kifungo cha sweta, akakiachia. Nilianza kuinuka. Ndipo Mama akageuka. Khanga ilimwanguka, akamtazama mume wangu usoni, nadhani ndiyo mara ya kwanza alijua kwamba ana ndevu, akamtia mtoto mikononi mwake.

"Mvue, baba," akasema. "Mvue wewe. Mimi mikono yangu haiwezi."

Mume wangu alimtoa mpaka uwani, penye kivuli cha ukuta, nami nikajikokota nyuma yao. Akaanza kuvua. Sweta likatoka, likaonekana sweta. La pili likatoka, ikaonekana fulana ya sufu. Mume wangu, huku machozi yanamtoka, akauliza, "Jamani, mtoto mwenyewe yumo humu?" Akalowesha kitambaa akampangusa shingo, makwapa, tumbo. Kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana hakikutokea kitu. Kisha yule mtoto akavuta pumzi, akatoa kilio kilichowageuza madereva waliokuwa wanakunywa chai ng'ambo ya barabara, na akamkojolea baba yake fulana yote.

Mama alikuwa kwenye kona ya nyumba, ametupa mgongo.

"Amekojoa?" akauliza.

"Amekojoa, Mama," mume wangu akajibu.

Tulimpeleka zahanati akiwa ndani ya khanga moja nyepesi, tayari ananyonya kwa hasira. Muuguzi alimpima, akasema hana homa ya ugonjwa, joto tu lilimzidi, na tushukuru tumewahi. Nikamweleza juu ya jiko la mkaa na dirisha lililofungwa, akanitazama kwa muda kisha akaniambia jiko hilo litoke leo hii, kabla halijatuzimisha sote. Hakucheka hata kidogo, na mimi pia sikuwa na hamu ya kucheka.

Jioni nilimkuta Mama anafunga begi. Alifunga taratibu, sweta moja moja. Nilielewa aibu yake. Alikuwa amemtazama mkwewe usoni na kupeana naye kitu mkono kwa mkono, na hilo lina faini yake, kuku walau. Lakini si hilo lililomfanya afunge begi. Kule sebuleni runinga ilikuwa inataja ukanda wa pwani, mume wangu akaizima. Utabiri wa chumba haukuja. Jiko lilikuwa nje, dirisha limefunguliwa, upepo kidogo unatikisa pazia.

Mama alimchukua mtoto aliyevaa nepi tu, akamlaza mapajani. Akaanza kumsemesha kwa Kiswahili.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako kwamba bibi yako alizaa mtoto kabla ya mama yako. Mwambie alikuwa wa kiume. Mwambie ulikuwa mwezi wa sita, nyumba ilikuwa ya nyasi, na mimi nilikuwa na khanga moja. Nilimfunika hiyo. Asubuhi nikamkuta ni wa baridi."

Maisha yangu yote nilijua mimi ndiye kifungua mimba wa Mama. Hakuna aliyeniambia vingine. Nilimtazama akimpapasa mtoto miguu mitupu, kidole kwa kidole, akiihakikisha, na nikalia bila kujificha.

Sebuleni mume wangu alikohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha kwenda chooni. Alianza kwa puani, sauti ikamkatika, akaanza upya kwa sauti ya kawaida.

"Hali ya hewa katika chumba cha mzazi, usiku wa leo. Kutakuwa na upepo mdogo kutoka dirishani. Baridi hakuna. Wasikilizaji wote, baridi hakuna."

Mama alisikiliza amelielekea pazia. Kisha akalisukuma begi kwa mguu mpaka likaingia chini ya kitanda, akamwinamia mtoto.

"Mwambie arudie," akasema.

Akarudia.