Mwalimu Elinami Amenitoa kwa Mpira wa Kwanza

Leo nimeaibishwa na mzee wa miaka sabini na mbili, na bado natabasamu.

Nilipanda Machame kumsalimia Mwalimu Elinami, aliyenifundisha kriketi nikiwa darasa la tano. Msimu huu nimeanza kulipwa kucheza huko Dar, nikataka asikie kutoka kwangu mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Twende uwanjani nione wanalipia nini."

Uwanja ni uleule wa shule, umeinamia migomba. Zamani mpira ukitumbukia humo tuliingia wote kuutafuta, mwalimu akitangulia na suruali yake nyeupe. Tulirudi na matope mpaka magotini. Jamani, nilikuwa nimesahau raha ile.

Wanafunzi wakajaa pembeni, nami nikasimama na gongo la kupigia mbele ya vijiti vitatu. Mwalimu akaweka fimbo yake chini, akapiga hatua tatu, akarusha mpira taratibu kabisa. Nikasema moyoni, nisimwaibishe mzee, niuguse kidogo tu.

Mpira ukadunda, ukakata kona, ukapita chini ya gongo langu na kuangusha vijiti vyote vitatu. Nimetolewa.

Shule nzima ikapiga kelele!

Akaja, akanishika bega. "Umenihurumia. Ulipokuwa mdogo hukunihurumia hata siku moja."

Nikamwomba arushe tena, na safari hii nikacheza kwa nguvu zangu zote.

Akanitoa mara mbili zaidi.

Mliosoma pale, bado mnamkumbuka? Mkipita Machame msalimieni. Ila akiwaambia twendeni uwanjani, kataeni.