Biriani ya Mshenga

Vigelegele nilivisikia kabla sijauona mlango, nikaamini vinanilaki. Nilikuwa mtaani Chumbageni, nimevaa kanzu na kushika bahasha, nikichangisha fedha za upasuaji wa moyo kwa watoto. Wenyeji wakanikaribisha ndani, wakanikalisha mbele ya sahani ya biriani. Kwa kuwa mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, nikaimaliza sahani nzima.

“Haya baba, tueleze,” alisema mama mwenye nyumba.

“Nimekuja kuwasemea watoto kumi na wawili.”

Akashika kichwa. “Mposaji wa binti yangu ana watoto kumi na wawili?”

Kabla sijajibu, hodi ikapigwa: mshenga mwenyewe waliyekuwa wakimngoja, na njaa yake. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na biriani yake.

Nilipoeleza kuwa ni mchango wa upasuaji tu, mama alicheka hadi machozi, akajaza bahasha ya watoto, akanitoa, akafunga mlango nyuma yangu.