Klaveti ya Shaba

Gari lile lilikuwa jekundu, la viti viwili tu, la zamani lakini la mbio. Mhandisi mgeni aliyeondoka Likasi ghafla, baada ya mji kuporwa mara ya kwanza, alimwachia baba funguo zake, kwa kuwa baba ndiye aliyekuwa fundi wake katika karakana ya mgodi. Kwa muda mrefu lilikuwa pambo la ua wetu.

Vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na filimbi walifika kwetu asubuhi. Mama yangu alizaliwa mkoa wa Kasai, ambao watu wake walikuwa wakifukuzwa mjini kwetu, na kosa lake lilikuwa hilo tu. Hawakumpiga mtu. Aliyewaongoza alimwamkia kwa heshima.

"Jambo, mama. Jua ikishuka, tusikukute tena hapa."

Mwenzake akaongeza, akicheka, "Treni inakungojea, mama. Usiifanye ichoke."

Maelfu walikuwa wamelala stesheni kwa majuma wakiisubiri treni hiyo ya kuwarudisha Kasai, na wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa karibu na reli. Baba akakata shauri kwamba mama hatakwenda huko. Atakwenda kwa masista wa misheni ya Kapolowe, na mimi nitaendesha, naye baba atabaki, kwani nyumba ikiachwa bila mwanamume itaporwa kabla ya jioni.

Injini iliwaka, lakini puli yake ya mbele iliyumba. Puli hiyo huzungusha mkanda, na mkanda huzungusha pampu ya maji na dainamo inayochaji betri. Ikilegea kabisa, injini huungua. Baba aliifungua akakuta klaveti imelika, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga puli na mhimili vizunguke pamoja. Nyingine haikuwapo, karakana ilikuwa imeporwa ikabaki kuta. Basi akachukua kipande cha shaba, akakichonga kwa tupa hadi kikaenea. Ndivyo tulivyoishi katika mji ule wa migodi ya shaba. Sufuria iliyotoboka, bawaba, kitasa, vyote tulivitibu kwa shaba, kwa sababu shaba ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Nilikuwa nimesoma kemia miaka miwili kabla chuo hakijafungwa. Nilijua kwamba shaba ni laini mno kwa kazi ile. Nilikuwa nimeketi nyuma ya usukani, gia ya nne, breki nimeikanyaga kwa nguvu zangu zote ili injini isizunguke wakati baba akikaza bolti, na filimbi zilisikika barabara ya pili. Sikusema neno. Mtoto hamfundishi baba yake habari za chuma. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa nikisema tutabaki.

"Kanyaga freni, mwanangu. Muguu yako inatetemeka?"

"Hapana, papa. Ni gari."

"Gari imezimwa," alijibu baba, akaendelea kukaza.

Kabla hatujafika nusu ya njia, mlio ulianza kwenye injini: mwembamba, mkali, kama wa mnyama aliyebanwa mlangoni. Taa nyekundu ya chaji ikawaka. Nikapunguza mwendo, na baada ya kona nikaona shina la mti limelazwa barabarani na vijana sita wamesimama mbele yake. Lafudhi ya mama ingemfichua kwa neno la kwanza. Nikamwambia ashike shavu na asifungue kinywa.

Walikuwa wanacheka hata kabla hatujasimama.

"Gari ya kizungu inalia sawa mbuzi," alisema mmoja.

Mwingine, mwenye filimbi shingoni, hakucheka. Aliinama, akasikiliza. "Zima. Puli yako inacheza. Fungua kapo."

Nikafungua boneti. Alipitisha kidole nyuma ya puli, akakitoa kimejaa unga mwekundu unaong'aa. "Mukuba," alisema, akimaanisha shaba. "Nani alitia mukuba humu? Hii ni kazi ya bazee betu." Akaomba spana, akanirudisha kwenye usukani nikanyage breki. Nilikanyaga. Alikaza bolti, kisha akaja dirishani akamtazama mama.

"Mama hasemi?"

"Jino linamuuma."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi," nilisema, na hilo halikuwa mbali na kweli.

Akafunga boneti, akaniambia niwashe. Betri ilikuwa imeishiwa nguvu, injini ikakataa kuwaka. Akawaita wenzake, wakaliburuta shina kando. "Musukume, bandugu." Vijana wale wale, kwa mabega yao, walimsukuma mama yangu mteremkoni hadi injini ikashika. Mwenye filimbi alikimbia ubavuni mwa dirisha langu hatua chache.

"Enda polepole. Usizime. Na kama jino ni mubaya hivi, mama asirudi leo."

Kwa miaka mingi nimeligeuza neno hilo huku na huku, na sijapata upande wake wa ndani, kama ni tishio au huruma. Siku ile sikulifikiria. Niliendesha kama mtu aliyebeba yai kichwani, jicho likiwa kwenye kipimo cha joto.

Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti tulipoingia ua wa misheni. Sista mzee alitujia, akamfungulia mama mlango, akamwuliza kwa upole anatoka wapi. Hapakuwa na mtu mwingine pale wa kumsikia. Mama, mkono ungali shavuni, alinitazama ili nimjibie.